Mgeni wa Bakuli Moja

Oshige hakuwa mwanamke wa kushtushwa na mlaji. Katika nyumba ile ya kivukoni Nagusa alishawahi kumpakulia mtu mabakuli saba ya wali, kisha akamwuliza kama ameshiba. Kilichomtia baridi asubuhi ile ni mtu aliyekula bakuli moja tu, akalaza vijiti vyake vya kulia wali chini, akainama na kusema ahsante.

"Lete nikuongeze," Oshige akamwambia, mkono umeshanyooka.

"Nimeshiba, Dada."

Kumazo, mtu wa nyumba ile, aliyekuwa upande wa pili akitafuna figili za chumvi kwa shavu moja kwa sababu jino la upande mwingine lilikuwa likimwuma, akaacha kutafuna.

Bakuli moja la wali huwekwa kichwani pa maiti. Walio hai hula mawili, hata kama la pili ni tonge moja la kuondoa mkosi, na hilo kila mtoto hufundishwa kwao. Lakini kwa wacheza kamari, watu wasio na shamba wala jina katika kijiji chochote, jambo hilo lilikuwa zito zaidi. Mtu wa njiani akifika kwa mkubwa wa kamari na kujitambulisha mlangoni kwa salamu inayotakiwa, hupewa chakula na mahali pa kulala bila kuulizwa atokako wala aendako. Akishakula la kwanza na la pili, amefungwa. Adui wa nyumba ni adui yake mpaka siku atakayoondoka, na nyumba ikivamiwa atakufa mlangoni kwa ajili ya watu ambao jana hakuwajua hata kwa sura. Anayekula bakuli moja na kuishia hapo, mkono wake anauacha huru. Basi watu wa kazi ile walipomwona mtu ameishia la kwanza, walianza kujiuliza huo mkono anautakia nini.

Na mwenye nyumba, Tomigoro, mume wa Oshige, mkubwa wa kamari yote kutoka kivukoni hadi soko la hariri, alikuwa ametoka alfajiri hiyo peke yake, bila upanga.

"Na Bwana mwenyewe yuko?" mgeni akauliza, macho kwenye mkeka. "Nilitaka kumwona."

"Atarudi," Oshige akasema. Akachukua lile bakuli tupu akaenda nalo jikoni.

Mgeni huyu alifika jua likichomoza. Alijitaja kwa jina la Torakichi, mtu wa milimani. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, shingo ndefu, nguo imeshonwa viraka juu ya viraka. Salamu aliitoa mlangoni vizuri tu, goti limekunjwa, kiganja cha kulia kimefunuliwa mbele, ila aliisema kwa haraka, mfano wa mtoto anayeogopa kusahau alichotumwa dukani. Wakati ule Oshige hakulitilia maanani. Sasa alilikumbuka.

Tofauti na mgeni mwingine aliyekuwamo nyumbani! Hanji aliingia jana yake jioni, na Oshige alipomsikia akijitambulisha aliacha kazi aje asikilize. Kila neno lilikuwa mahali pake. Alitoa upanga wake mwenyewe kabla ya kuombwa, mpini ukielekezwa kwa mwenyeji. Alikula mabakuli mawili, si punje zaidi wala pungufu, na samaki alipomaliza, miiba aliifunga kwenye karatasi akaitia kifuani mwa nguo yake, sahani ikabaki safi, kama inavyotakiwa kwa mgeni anayejua kuwa mwiba wake ni uchafu wa mtu mwingine. Tomigoro mwenyewe alitabasamu. "Bado wapo," alimwambia mkewe walipokwenda kulala. "Nilidhani wamekwisha." Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, na mzee alilala usiku ule kama aliyepona kweli.

Tomigoro alikuwa na sababu ya kuipenda desturi ile, maana ndiyo iliyomfanya mtu. Kuna watakaosema ilimfanya muuaji, nao pia hawadanganyi.

Alizaliwa mtoto wa pili katika kijiji cha Kamisawa, nyuma ya kilima, kwa watu waliolima miforsadi na kufuga viwavi wa hariri. Alikuwa na mabega ya kubeba mlango, akashinda mieleka ya sherehe ya mavuno miaka miwili mfululizo, na ushindi huo ukamharibu. Akaanza kushinda kwenye mikeka ya dado badala ya shambani. Baba yake alivumilia, mama yake akaficha, mpaka siku Tomigoro alipomvunja mkono mtoto wa mwuza chumvi kwa ajili ya dado zilizotiwa risasi ndani. Baba akaenda kwa mkuu wa kijiji, akamkana mbele ya mashahidi. Usimwone baba yule katili. Sheria ya wakati ule ilikuwa mtoto akifanya kosa, ukoo mzima unaburutwa. Kumkana mmoja ndiko kuwaokoa waliobaki. Mama alimfungia kifurushi cha mtama wa kukaanga, na Tomigoro akaondoka bila jina.

Alitangatanga mpaka njaa ikamfikisha kivukoni Nagusa, kwa mzee Genshiro, mkubwa wa enzi hizo. Akasalimu, akapewa wali, akala mabakuli mawili. Jioni hiyohiyo watu wa kivuko cha chini wakaivamia nyumba. Tomigoro hakumjua hata mmoja wao, hakuwa na ugomvi na mtu, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Lakini alikuwa amekula. Alisimama mlangoni akamwua mtu mmoja mnene mwenye alama ya moto shavuni. Baadaye sana alikuja kujua kuwa yule naye alikuwa msafiri tu, amekula kwa watu wa kivuko cha chini mchana ule. Watu wawili ambao hawakuwahi hata kutukanana, kila mmoja akilipa fadhila ya chakula.

Genshiro akampa kikombe cha pombe ya mchele wanywe pamoja, akamfanya mwanawe. Mzee alipokufa, mikeka yote ikawa ya Tomigoro: kamari ya kivukoni, ya soko la hariri, na ya uwanja wa hekalu siku za sherehe. Tusidanganyane, hakuwa malaika. Mpiga kasia aliyekataa kumtii alikuta kibanda chake majivu. Wapagazi wote wa kivukoni walimkatia kidogo katika kila mzigo, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda. Ila kwake mkulima hakuruhusiwa kuweka mbegu zake mkekani, mlevi alirudishwa nyumbani na nguo zake, na mgeni aliyesalimu vizuri hakulala njaa, hata mwaka ule wa baridi kali ambapo matajiri walifunga milango. Watu walimwita Baba. Oshige, ambaye alimwoa akiwa mpika tambi kwenye kibanda cha chai kivukoni, wakamwita Dada, hata vikongwe waliomzidi umri.

Kitu kimoja hakukipata. Mama yake alipokufa hakuruhusiwa kubeba jeneza, kwa sababu kisheria hakuwa na mama. Kaka yake mkubwa alikubali jambo moja tu: kila mwaka, siku ya kumbukumbu, aje Kamisawa asafishe kaburi na kuwasha udi, lakini aje mtupu, bila upanga na bila watu wake, na kijiji kitageuza macho. Tomigoro hakuikosa siku hiyo hata mara moja. Mkubwa aliyekuwa na watu zaidi ya arobaini alipanda kilima kile peke yake na ndoo na ufagio. Na kila mwaka Oshige alihesabu siku hiyo kama siku ambayo mumewe yuko uchi.

Ndiyo siku iliyokuwa leo.

Kumazo akamfuata jikoni. Alikuwa msaidizi mkuu wa Tomigoro, bonge la mtu, na shavu lile lililovimba lilimfanya aonekane amekasirika hata alipokuwa hajakasirika.

"Umeona?" Oshige akamnong'oneza.

"Nimeona. Nimbane?"

"Kwa kosa gani? Kwa kushiba?"

"Kwa kuuliza Bwana yuko wapi."

"Mgeni aliyepokewa kwa salamu umbane nyumbani kwetu? Kesho nchi nzima itasema kwa Tomigoro wageni wanapigwa na chakula kikiwa mdomoni. Denbei atacheka mpaka ajikojolee."

Denbei ndiye aliyekuwa mkubwa wa kivuko cha chini sasa. Tangu majira ya kuchipua alikuwa akilitaka soko la hariri, na siku zile ndipo vifukofuko vya kwanza vya viwavi vilipokuwa vikiuzwa, kwa hiyo watu wote wa Tomigoro walikuwa sokoni wakilinda mikeka. Nyumbani alibaki Kumazo kwa ajili ya jino, na mpishi mmoja kiziwi.

"Basi mimi nimfuate Baba," Kumazo akasema.

"Halafu huyu abaki naye nani? Mimi na mpishi? Akiona umetoka mbio atajua uko njia gani, atakufuata nyumanyuma kama mbuzi."

"Nitumie miguu ya nani basi, Dada? Ya paka?"

Oshige akachungulia uani. Kwenye ukumbi wa mbao, Hanji alikuwa ameketi akisuka upya kamba ya kiatu chake cha nyasi, mgongo wima, hana haraka. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka kilimani. Moyo wa Oshige ukatulia alipomtazama, kama unavyotulia ukiona kuni kavu siku ya mvua.

"Huyo," akasema.

Kumazo akakuna shavu. "Hatumjui."

"Amekula mabakuli mawili. Wewe nilikujua lini ulipokuja hapa na chawa zako?"

Kumazo naye pia aliingia nyumba ile kwa njia hiyo.

Oshige akatoka, akapiga magoti mbele ya Hanji kwenye ukumbi, jambo ambalo mke wa mkubwa hamfanyii msafiri. Hanji akaacha kamba, akainama chini kuliko yeye.

"Mgeni wangu, nina shida, na naona haya kuisema."

"Mimi nimekula wali wenu, Dada. Hakuna haja ya kuomba. Nitume tu."

Macho ya Oshige yakalengwa na machozi. Akamweleza: mume yuko Kamisawa makaburini, hana silaha, na hapa ndani kuna mtu ambaye mkono wake hauna kamba. Akamweleza njia ya mkato kupitia miforsadi. Hanji alisikiliza bila kuuliza swali lisilo na maana. Aliuliza moja tu.

"Atanijuaje kuwa nimetoka kwako? Mtu wa namna yake hasogelewi ovyo."

Swali la mtu makini, Oshige akafikiri. Akaingia ndani, akarudi na joho la mvua la mumewe, lile la majani ya mpunga, zito, lenye harufu yake. "Mpelekee hili, mvua inakuja. Mwambie umetumwa na Oshige. Mwambie nimesema goti lake la kushoto lisilowe, akilalamika usiku sitamkanda. Hayo hayajui mtu mwingine."

"Goti la kushoto," Hanji akarudia kwa upole.

Kisha Oshige akaenda kwenye rafu ambapo silaha za wageni huwekwa, akautoa upanga wa Hanji, akampa kwa mikono miwili. Mgeni akauinua usawa wa paji la uso, akauchomeka kiunoni, akavaa viatu vyake. Getini aligeuka akainama tena. Hakuna aliyewahi kuondoka katika nyumba ile kwa adabu kama ile.

Alipotoweka nyuma ya ukuta, Oshige alivuta pumzi mpaka tumboni. Sasa alikuwa na nafasi ya kupigana vita vyake mwenyewe, na vita hivyo vilikuwa vya kumlisha Torakichi. Akipokea bakuli la pili, kwisha habari yake, hata awe ametumwa na nani. Akapakua wali wa moto, akaweka juu yake tone la mchuzi wa soya na samaki wa mtoni aliyechomwa, akaenda kuketi mbele yake. Kumazo akajiweka karibu na mlango akijifanya anashika jino, na hakuhitaji kujifanya sana.

"Kula, ndugu yangu. Katika nyumba hii mtu hasimami kwenye la kwanza. Unataka kutuzika?"

"Hapana, Dada! Mungu apishe mbali." Torakichi alibabaika kweli.

"Au wali wangu una mawe?"

"Sijala wali kama huu tangu nizaliwe."

"Basi?"

Torakichi akalitazama lile bakuli. Kumazo, aliyezoea kusoma nyuso za watu kabla dado hazijafunuliwa, alisogea mbele kidogo, maana uso ule ulikuwa wa mtu anayekaribia kufanya jambo.

"Dada," mgeni akasema, na masikio yakamwiva. "Huu wa pili, naweza kuufunga nikaondoka nao?"

"Kuufunga?"

"Kwenye kitambaa. Mke wangu amejifungua. Kwetu juu huko baridi ya mwezi uliopita imeunguza kila kitu, anakunywa maji ya mtama, maziwa hayatoki. Nikasema nikila la kwanza, basi la pili nitamwomba Bwana mwenye nyumba mwenyewe, kwa heshima, nilibebe. Sikujua kama kuna ubaya. Mimi si mcheza kamari, Dada. Sijui hata kushika dado. Kuna msafiri mmoja alilala kwetu, akanifundisha salamu. Alisema ukiisema yote bila kukosea, unalishwa." Akainamisha kichwa mpaka kwenye mkeka. "Nisamehe. Niliikariri njia nzima."

Kumazo akaangua kicheko, akashika shavu, akapiga yowe, akaendelea kucheka huku machozi ya maumivu yakimtoka. "Muuaji wetu huyo, Dada! Muuaji wa maji ya mtama!"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Oshige, aliyekulia kwenye kibanda cha chai na aliyewahi kulamba masufuria ya wenzake, aliona aibu ikimpanda shingoni. Alisahau lini? Ni hii nyumba ya mabakuli mawili iliyomsahaulisha. Naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, akamwambia mpishi kwa ishara alete kitambaa kikubwa na mchele mkavu, kibaba kizima, tena viwili.

"Ungeenda kwa Denbei ungekuwa umeshapigwa," Kumazo akamtania. "Sura yako hiyo na hizo salamu zako za mbio mbio."

"Nilikwenda," Torakichi akasema, akijipangusa macho. "Juzi. Walinitimua hata sijafika katikati ya salamu. Walikuwa na karamu, wanamkirimu yule bwana."

"Bwana gani?"

"Huyu aliyetoka sasa hivi na joho. Alikuwa ameketi juu kabisa, kando ya Denbei, wananyweshana kikombe kimoja."

Kicheko cha Kumazo kikakatika.

Oshige alijisikia akiuliza, na sauti haikuwa yake. "Kwa nini hukusema?"

Torakichi akawatazama kwa zamu, hajui amekosea wapi. "Yule msafiri alinifundisha. Alisema mgeni hamsemi mgeni mwenzake katika nyumba ya mtu. Ni utovu wa adabu." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Na yeye ameniona. Alinisalimu vizuri tu."

Kumazo alikuwa ameshatoka. Hakuvaa viatu. Oshige alimsikia akiruka ukuta badala ya kupita getini, na baada ya hapo alisikia mvua, iliyoanza wakati wanacheka.

Alibaki amekaa mahali alipokuwa. Mtu mwingine angelia au angekimbia, lakini Oshige alijua miguu yake haitafika. Alikuwa anafanya hesabu isiyo na msaada: Hanji alikuwa na mwendo wa namna gani, ile njia ya mkato ni fupi kiasi gani, ile njia aliyomwonyesha kwa kidole chake mwenyewe. Labda atateleza. Labda mzee atakuwa ameshamaliza na kupita njia kuu. Labda bakuli la pili litamkaba Hanji kooni njiani, mtu si jiwe. Torakichi hakuthubutu kuondoka. Alijikunja kwenye kona na ule wali wake haukuguswa na mtu.

Walimleta alasiri juu ya ubao wa mlango, Kumazo mbele na wanakijiji wa Kamisawa nyuma. Ndiyo, wale walioapa kugeuza macho. Kaka mkubwa mwenyewe alikuwa ameshika pembe moja ya ubao, mzee wa nywele nyeupe, kichwa wazi mvuani. Hanji hakupatikana. Alishavuka mto kwa boti ya kivuko cha chini iliyokuwa ikimngoja.

Tomigoro alikuwa hai bado. Walimlaza kifudifudi kwa sababu hakuweza kulazwa vingine, na Oshige akajilaza sakafuni ili uso wake uwe usawa na wa mumewe.

"Nimelisafisha lote," Tomigoro akasema. Alimaanisha kaburi. "Nilikuwa nimemaliza."

"Usiseme."

"Amekuja na joho. Akasema umemtuma wewe. Akasema na goti." Akapumzika. "Kwanza nilikuwa nimeokota jiwe, unajua. Nilipomwona anakuja na upanga niliokota jiwe. Aliposema goti nikalitupa, nikacheka."

"Nilimtuma mimi, Tomi. Ni mimi."

"Ndiyo. Akanifungulia joho, nikageuka anivalishe."

Alilisema bila lawama yoyote, sauti ya mtu anayeeleza kwa nini amechelewa kurudi nyumbani. Hilo ndilo lililomwua Oshige zaidi. Angemtukana ingekuwa nafuu. Tomigoro akataka maji, akapewa, hayakushuka. Kaka mkubwa akapiga magoti upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wao akamwita mdogo wangu, mbele za watu. Haijulikani kama alisikia.

Siku ya mazishi walikuja wakubwa wa kamari kutoka mikoa ya jirani, kila mmoja na watu wake, nguo nyeusi, nyuso za mawe. Na minong'ono ilikuja pamoja nao. Katika kazi ile mtu hutazamwa jeraha lake. Likiwa mbele, anaimbwa. Likiwa nyuma, hakuna wa kumtaja tena, maana ni jeraha la mtu aliyekimbia. Watu wa Denbei walikuwa wameshaeneza habari: Tomigoro wa Nagusa, aliyesimama mlangoni pa Genshiro akiwa kijana, uzeeni alikatwa akitoroka kati ya makaburi kama mwizi wa matoleo. Wakubwa wengine walikuwa wanainama mbele ya jeneza kidogo tu, kichwa bila mabega. Kumazo aliona, ngumi zikamkaza, lakini angempiga nani? Jeraha lilikuwa mgongoni kweli.

"Dada," akamnong'oneza Oshige, "tuseme lilikuwa kifuani. Nani atafunua?"

"Hapana."

"Watamla nyama, Dada. Maisha yake yote, kisha hili."

Oshige akasimama. Mke hasemi katika mazishi ya mkubwa, hiyo ni kazi ya msaidizi. Alipita katikati ya wanaume akaenda kusimama kando ya jeneza, mwanamke mfupi, mikono mikubwa ya mpika tambi, nao wakamgeukia kwa mshangao tu.

"Mmesikia kuwa amekatwa mgongoni," akasema. "Ni kweli. Nimemwosha mwenyewe, nimeliona. Sasa sikilizeni na la pili. Siku ile kulikuwa na wageni wawili nyumbani kwangu, mwema na mbaya, nami nikachagua. Mimi ndiye niliyemwonyesha Hanji njia. Mimi ndiye niliyempa upanga wake, kwa mikono hii. Nikampa na joho, nikampa na neno la chumbani kwetu, ili mume wangu asimwogope. Alikuwa na jiwe mkononi, mume wangu. Aliposikia jina langu alilitupa."

Kumazo alikuwa akitazama chini, anatikisa kichwa polepole, anamwomba aache. Baada ya maneno yale hakuna nyumba ambayo ingemwita tena Dada, na Oshige alilijua hilo vizuri kuliko yeye.

"Kwa hiyo msiseme alimpa adui mgongo," akasema. "Alinipa mimi."